Shangazi, kila nikiigiza nakufa dakika ya tano

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtoto wa Tanga, mwigizaji, na sasa naishi London na mke wangu na watoto wetu wawili. Nyumbani nilisomea sanaa za maonyesho Bagamoyo. Nilicheza Shailoki katika *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na mpaka leo nikikutana na watu wa enzi zile wananiita Shailoki. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba kazi hii sikuiokota njiani.

Huku nimecheza mlinzi wa usiku, mkimbizi kwenye mashua, mganga, askari muasi wa nchi ambayo skripti haikuitaja, na dereva wa teksi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kwa kawaida nakufa mapema. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo binamu zangu wameshaufanya mchezo: kipindi kikianza wanabashiri nitakufa dakika ya ngapi. Mama hacheki. Aliniuliza kwenye simu, "Hao watu hawajui kwamba unaweza kucheza mtu wa maana?" Nikakosa jibu.

Sasa nimepata nafasi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata huku. Ni tamthilia ya televisheni, nami ni kiongozi wa waasi katika vipindi vinne. Hela ni nzuri, kodi ya nyumba tungeisahau kwa muda. Lakini mhusika hana jina, anaitwa "Jenerali" basi. Hana mke, hana kijiji, hana sababu. Amepewa mistari ya Kiswahili ambayo hakuna mtu kuanzia Lamu mpaka Kilwa angeitamka. Kwenye usaili mwongozaji alisema nimefanya vizuri, ila niongeze lafudhi kidogo. Niongeze ipi, Shangazi? Niliyo nayo ndiyo hiyo.

Rafiki yangu, naye mwigizaji, wazazi wake Wanigeria lakini yeye kazaliwa hukuhuku, anasema nikikubali nawaharibia wenzangu. Wakala wangu anasema nikikataa simu haitalia tena. Mke wangu ni muuguzi, na ndiye anayeibeba nyumba miezi ambayo sina kazi. Anasema nikasomee udereva wa basi, nitulie. Kuna mwalimu wa lafudhi anayeapa kwamba atanifanya niongee kama mzaliwa wa hapa. Na kuna usiku nalala nikifikiria kurudi Tanga tu, yaishe.

Nimevuka arobaini. Nishauri.

*Jenerali Asiye na Jina, London*

---

Marahaba mwanangu.

Nianze na mama yako. Anatoka mji wa Mzee Majuto, kwa hiyo jambo hili analijua kuliko mimi na wewe. Nchi nzima ilimpenda mzee yule akicheza baba mbahili, mzee mwenye tamaa, mume muongo aliyeshikwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini hachezi kijana mtanashati anayeoa mwishoni. Tulimwamini kwa sababu tulijua yule mbahili anaishi wapi, anamwogopa nani na hela anamficha nani. Mama yako halalamiki kwamba umekuwa mlinzi wa usiku. Analalamika kwamba mlinzi mwenyewe hatoki popote. Hapo yuko sahihi, na ugomvi wako wote uko hapo. Udogo wa nafasi usikusumbue, wala ubaya wa mhusika.

Wala usidhani yamekuanza wewe. Itafute *Casablanca*, iliyopigwa Hollywood mwaka 1942, uwaangalie watu wanaomzunguka Humphrey Bogart, anayecheza Rick, mwenye mkahawa. Wengi wao walikuwa wageni Marekani: Wajerumani, Wahungaria, Wafaransa, Warusi, na wengi walikuwa wameikimbia Ulaya ya Hitler miaka michache tu nyuma. Conrad Veidt aliondoka Ujerumani mwaka 1933, mkewe akiwa Myahudi. Hollywood ikampa nini? Sare ya Kinazi. Ndiye Meja Strasser. Marcel Dalio alikuwa mtu mkubwa katika filamu za Ufaransa, na Wanazi walipokuja waliibandika picha yake kwenye mabango kuwaonyesha watu sura ya Myahudi. Humo ndani anachezesha kamari kwenye mkahawa, na jina lake halikuandikwa. Naye Peter Lorre, anayecheza Ugarte, anakamatwa filamu haijachanganya, na muda si muda tunaambiwa amekufa. Binamu zako wangefurahi.

Huyu Lorre acha nikae naye kidogo, maana yake na yako yanakaribiana. Alizaliwa mwaka 1904 katika mji uliokuwa wa Hungaria, leo uko Slovakia. Alilelewa na jukwaa: Vienna, Breslau, kisha Berlin alikofanya kazi na mwandishi wa tamthilia Bertolt Brecht. Mwaka 1931 filamu ya *M* ilimpa umaarufu kama muuaji wa watoto, na yule muuaji akamganda maisha yake yote. Wanazi walipoingia madarakani mwaka 1933, Lorre, Myahudi, akaondoka. Akafika hapo hapo ulipo, London, na Kiingereza cha kubahatisha. Mistari yake ya *The Man Who Knew Too Much*, filamu ya Hitchcock ya 1934, aliikariri kwa sauti tu. Kisha Marekani, ambako kati ya 1937 na 1939 alicheza filamu nane akiwa mpelelezi wa Kijapani, Mr. Moto. Myahudi wa Hungaria, Mjapani! Kwa studio zile, mgeni ni mgeni, anakotoka watapatafuta baadaye. Na waigizaji wa Kijapani wenyewe, waliokuwepo mjini humo humo, wakabaki kuangalia. Hilo nalo usilisahau utakapofika kwa rafiki yako.

Lakini mtazame Lorre akiwa Ugarte. Kwenye karatasi ni mlanguzi wa hati za kusafiria, mtu wa hovyo. Lorre akampa haja moja ndogo tu: anataka Rick amheshimu. Anamwongelesha kwa upole wa mtu anayejua kwamba anadharauliwa na bado hajakata tamaa. Basi. Ana dakika chache, na wewe unayetazama leo hutamsahau. Nimewahi kuiangalia sehemu ile mfululizo mpaka chai ikapoa, nikitafuta alipoificha mbinu. Hakuificha. Ni mtu anayetaka kitu mbele ya mtu asiyetaka kumpa.

Jenerali wako anataka nini, mbali na kupiga watu risasi? Nani akimpigia simu hapokei? Akikutana na mwalimu wake wa darasa la kwanza, sauti yake inakuwaje? Majibu ya maswali haya hayahitaji ruhusa ya mtu. Unaingia nayo mbele ya kamera, na kamera ni mmbeya, itayaona.

Kuna mambo mengine, hata hivyo, yanayohitaji ruhusa, na ruhusa hiyo inaombwa kabla ya kusaini. Rudi kwenye filamu ile ile umtafute S. Z. Sakall, Mhungaria mnene mwenye mashavu, aliyecheza Carl, mhudumu mkuu wa mkahawa. Alipopewa kazi ile aliikataa, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo mno. Baadaye akasema atakuja wakimhakikishia wiki nne za kazi. Wakavutana, wakakubaliana tatu, kwa dola 1,750 kwa wiki, jumla 5,250. Mwisho wa yote akaonekana kwenye filamu kwa muda mrefu kuliko Lorre. Angalia alichokidai. Hakuwaambia wamfanye shujaa. Alidai muda, na muda ndio uliompa Carl nafasi ya kuwa mtu. Ila hata yeye hakushinda kote: bosi wa studio, Jack Warner, alimbandika jina la utani la kitoto, Cuddles, likaingia mpaka kwenye majina ya waigizaji, na mwenyewe hakulipenda.

Kwa hiyo nenda na madai yako machache. La kwanza ni jina. Jenerali apewe jina la mtu na mahali alikotoka, hata kama halitatamkwa zaidi ya mara moja. Mwongozaji akikuambia tena uongeze lafudhi, muulize kwa adabu: ya wapi? Akitaja mahali, umeshapata kijiji. Asipotaja, atasikia mwenyewe kwamba hajalifikiria jambo hilo, na wewe umpendekezee. Usimuulize kwa kejeli. Wengi wao hawana nia mbaya, wana haraka tu.

La pili ni hiyo mistari ya Kiswahili. Usiirekebishe kimya kimya ukaridhika kwamba umesaidia. Waambie unaweza kuiandika upya, na kwamba hiyo ni kazi ya mshauri wa lugha, yenye malipo yake na jina lake mwishoni mwa kipindi. Wakikataa kulipa? Mimi ningeirekebisha hata hivyo, kwa sababu watu wa Lamu mpaka Kilwa watausikia mdomo wako, hawatamsikia mwandishi. Lakini anza kwa kudai. Wengi wetu tunaanza kwa kusamehe, kisha tunalalamika kwamba hawatuthamini.

La tatu, omba onyesho moja ambalo Jenerali hajashika silaha. Moja tu. Anakula, ananyoa, anambembeleza mtoto, chochote. Hili wanaweza wasikupe. Mawili ya kwanza wakikunyima yote, hapo ndipo ningekuambia ukatae, na ukatae bila hotuba. Watakuwa wamekuonyesha kwamba wanakodi ngozi yako na koo lako, na duka la namna hiyo halina mwisho: mwaka kesho watataka ile ile kwa bei ndogo zaidi.

Nije kwa rafiki yako. Asikutukanie riziki, maana yeye anaitwa kwa nafasi ambazo wewe huitwi. Ila hoja yake usiitupe jalalani. Picha zinajumlika. Mtoto wa shule wa hapo London akimwona Mwafrika asiye na jina akifyatua risasi kila Jumapili jioni, wanao ndio watakaokaa naye darasani Jumatatu. Mimi mganga yule nisingemkubali, nakuambia kweli. Lakini muasi, mhalifu, haramia, hao wanachezeka kwa heshima.

Barkhad Abdi alizaliwa Mogadishu, akapitia Yemen, akafika Minneapolis akiwa kijana mdogo. Usaili wa filamu ya *Captain Phillips* ulipofanyika mjini kwao walijitokeza zaidi ya watu 700, na yeye hakuwa amewahi kuigiza. Akapewa haramia wa Kisomali. Akamcheza kama mvuvi aliyebanwa na mabosi wake, mtu mwenye njaa na akili nyingi, na mwenyewe amesimulia kwamba ule mstari unaonukuliwa zaidi katika filamu ile, "I'm the captain now" (sasa nahodha ni mimi), haukuwa kwenye skripti, aliutoa mwenyewe papo hapo. Mwaka 2014 akapata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, na akapendekezwa kwa Oscar. Baada ya hapo, katika *Eye in the Sky*, akawa jasusi wa Kenya jijini Nairobi, upande wa wanaowasaka magaidi. Haramia hakumfungia mlango.

Ila sikia upande wa pili. Malipo yake kwa filamu ile yaliripotiwa kuwa dola 65,000, na baada ya kazi ile alikuwa akiuza simu katika duka la ndugu yake huko Minneapolis. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 200. Umaarufu na hela ni mambo mawili, na mkeo anajua hivyo kuliko wakala wako.

Kuhusu mwalimu wa lafudhi nitakuwa mfupi. Kama una hela ya ziada, jifunze hiyo ya London iwe kifaa kimoja zaidi mfukoni, kama mtu anavyojifunza kupanda farasi kwa ajili ya kazi. Usimlipe mtu akuondolee uliyonayo. Akim Tamiroff, Muarmenia wa Tbilisi aliyebaki Marekani mwaka 1923, hakuwahi kuipoteza lafudhi yake. Alipendekezwa kwa Oscar mara mbili, na tuzo ya kwanza kabisa ya Golden Globe ya mwigizaji msaidizi wa kiume alipewa yeye, mwaka 1944. Ni kweli pia kwamba walimtumia kama Mhispania, Mmeksiko na Mchina, ugonjwa ule ule niliousema. Lakini hakuna aliyemwajiri kwa kuongea kama mtu wa Boston.

Tanga. Sitakukataza, kwenu ni kwenu. Ila usirudi kwa hasira. Lorre alirudi Ujerumani baada ya vita akiamini kwamba kule wanakumbuka ufundi wake halisi. Mwaka 1951 akatoa *Der Verlorene*, akiiongoza mwenyewe na kucheza mhusika mkuu, habari ya daktari mwenye damu mikononi chini ya utawala wa Wanazi. Ni kazi nzito na nzuri. Watazamaji wa Ujerumani ya wakati ule hawakutaka kuangalia mambo hayo, ukumbi ukawa mtupu, naye akarudi Marekani kwenye vichekesho na filamu za kutisha mpaka alipofariki mwaka 1964. Watu wa nyumbani nao wana masoko yao. Bongo Movie haikusimama kukusubiri Shailoki urudi. Ukienda, nenda na kazi uliyoitiwa, na tiketi ya kurudi.

Sasa mkeo, ambaye katika barua nzima umempa sentensi mbili tatu tu.

Mwanamke anayefanya zamu za usiku ili wewe uende kwenye usaili hajakosea kutaja basi. Hajasema uache sanaa, amesema utulie. Kuna mtu mmoja ningependa mmjue nyote wawili. Maria Ouspenskaya alizaliwa Tula, Urusi, mwaka 1876, akawa mwigizaji wa kundi la maigizo la Moscow Art Theatre. Kundi lilipozuru Marekani mwaka 1923 alivutiwa, akabaki. Kiingereza chake kilikuwa kizito, umbo dogo, umri umekwenda. Akafanya nini? Akafundisha. New York, pamoja na Richard Boleslavsky, walifundisha kizazi kizima. Lee Strasberg na Stella Adler walipita mikononi mwake, nao ndio waliokuja kuwafundisha nusu ya waigizaji wakubwa wa Marekani unaowajua. Mwaka 1929 akafungua shule yake mwenyewe. Filamu za Hollywood zilipomfikia alikuwa na miaka 60: nafasi fupi katika *Dodsworth*, 1936, akapendekezwa kwa Oscar mwaka ule ule tuzo za waigizaji wasaidizi zilipoanza. Akapendekezwa tena kwa *Love Affair* ya 1939. Ndiyo, baadaye walimvalisha mabangili wakamfanya bibi wa Kijipsi katika *The Wolf Man*. Lakini yule bibi alikuwa na shule. Hollywood ilipomwita hakwenda kuomba, alikwenda kufanya kazi.

Wewe una nini cha namna hiyo? London ina Waswahili wa kutosha kujaza ukumbi mdogo. Mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya walipanda jukwaa la Shakespeare's Globe, hapo kando ya Thames, wakacheza *The Merry Wives of Windsor* kwa Kiswahili, na watu wakaja, hata wasiojua neno la Kiswahili. Anzisha darasa la Jumamosi la watoto wa Kitanzania, Kikenya, Kikongo, wenye wazazi wanaolia kwamba Kiswahili kinawapotea; wazazi hao hulipa. Mcheze Shailoki tena, kwa Kiswahili, siku tatu, kwenye ukumbi wa mtaa. Mtu mgeni katika mji tajiri, anayehitajiwa na kudharauliwa na watu wale wale: ulimcheza Bagamoyo ukiwa hujawahi kukaa foleni ya viza. Sasa umekaa. Waalike wanaogawa nafasi za televisheni. Wengine hawatakuja, mmoja atakuja.

Na basi si aibu. Kama ratiba ya udereva wa muda itaacha nafasi ya usaili, ijadilini.

Kaa na mkeo na daftari, leo au kesho, kabla hujamjibu mtu yeyote. Andikeni Jenerali analeta kiasi gani kwa wiki, wiki ngapi, na zikiisha nyumba inaishi kwa nini mpaka kazi ijayo. Yeye ndiye aseme kiwango cha chini ambacho chini yake hamkubali, kwa kuwa ndiye anayekijua. Kisha mpigie wakala umpe madai yale matatu, jina likiwa la kwanza. Kama bado hujajiunga na Equity, chama cha waigizaji cha huko Uingereza kilichoanza mwaka 1930, jiunge wiki hii, na mkataba ukifika wape wausome kabla hujatia saini. Wakala atakuambia hakuna muda. Siku mbili zinapatikana, waombe.